Namna ya Kumkabidhi Mtoto Mdogo kwa Mlezi Mwingine Bila Kuvunja Imani Yake

Mvua zinapoanza Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kazi za shamba humtoa mama nyumbani alfajiri, na mtoto ambaye hajatimiza hata miaka miwili hubaki na bibi, shangazi au dada wa kazi. Hakuna ubaya katika hilo, kwa kuwa mtoto anaweza kujenga uhusiano wa karibu na walezi zaidi ya mmoja, na familia zetu zimelea hivyo tangu zamani. Kinachomuumiza mara nyingi ni namna anavyokabidhiwa.

Mtoto hutambua mapema sauti na harufu ya anayemlea, lakini ni kuanzia takribani miezi 6 hadi 8 ndipo anapoonyesha wazi kwamba amemchagua mtu wake, akamlilia anapoondoka na kuwaogopa wageni. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliliona jambo hili hapa hapa Afrika Mashariki, alipozitembelea familia za vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955. Watoto walitambaa kwenda kuchungulia vitu, wakageuka kumtazama mama, wakamrudia, kisha wakaondoka tena. Uhakika kwamba mama yupo na ataitika ndio unaompa mtoto ujasiri wa kwenda mbali, kushika vitu na kujifunza. Kwa hiyo kilio chake unapoondoka kisiitwe deko, kwani kinaonyesha kwamba uhusiano umejengeka.

Mlezi mpya aanze kazi mama akiwa bado yupo nyumbani, kwa siku kadhaa kama inawezekana. Kwanza acheze na mtoto, kisha amlishe, kisha amwogeshe na kumbeba mgongoni, ikiwezekana kwa kitenge kilekile alichokizoea mtoto; ndipo mama aende bombani au dukani kwa muda mfupi na kurudi. Katika siku hizo mweleze mlezi alama za mtoto huyo, si za watoto kwa jumla: kama akisikia njaa hunyonya vidole, kama usingizi ukimjia huvuta sikio, kama akichoka mchezo hugeuza uso. Mlezi anayezijua alama hizi huitika kabla kilio hakijawa kikubwa.

Siku ya kuondoka ikifika, usimtoroke. Wazazi wengi husubiri mtoto ageukie kuku uani, kisha hupita mlango wa nyuma wakiamini wamemwepushia machozi. Asubuhi hiyo nyumba hutulia kweli, lakini mtoto anajifunza kwamba mtu wake anaweza kutoweka wakati wowote, na jioni hatakubali kuachia nguo ya mama hata anapokwenda chooni. Chuchumaa hadi macho yenu yalingane, mwambie, “Mama anakwenda shamba, wewe unabaki na bibi, nitarudi ukishaamka usingizi wa mchana,” mweke mikononi mwa bibi, umuage, kisha uondoke bila kurudi nyuma mara tatu. Akilia, mlezi amkumbatie na kumwambia kwamba anajua amemkumbuka mama, wala asimnyamazishe kwa kumtishia zimwi, polisi au sindano. Utakaporudi, mpokee mtoto kabla hujapanga mzigo ulioutua. Huenda akakugeuzia mgongo au kukupiga. Vumilia, kaa naye, kwa sababu anakueleza jinsi alivyokungoja.

Jambo zito zaidi ni desturi ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi kijijini. Namna hii mtoto hupoteza ziwa na mama kwa siku moja, na kwa maoni yangu tunapaswa kuyatenganisha mambo hayo mawili. Punguza kunyonyesha taratibu mkiwa pamoja, ukikumbuka kwamba wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye hadi miaka miwili au zaidi. Ikiwa ni lazima aende, kwa mfano kutoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu, lala naye huko siku za mwanzo, mwachie nguo yako uliyoivaa, na umtembelee siku ulizoahidi.

Chakula nacho ni sehemu ya uhusiano huu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takribani asilimia 57 ya watoto chini ya miaka 5 mkoani Iringa wana udumavu, katika mkoa unaovuna mahindi kwa wingi. Udumavu una sababu nyingi, na namna ya kulisha ni mojawapo iliyo mikononi mwetu. Mlezi asimnyweshe mtoto uji kwa nguvu kwa kiganja. Amtazame, azungumze naye, asubiri ameze, na aongeze mboga, karanga, maharage au yai kila inapowezekana.

Kwa mama aliyeajiriwa, iwe ofisini au katika mashamba ya chai ya Mufindi, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Ulizia haki hiyo mapema, kabla likizo ya uzazi haijaisha.

Mtoto wa miaka 7 asiachiwe mtoto mchanga peke yake, hasa majira ya baridi ambapo moto wa kuni huwaka muda mrefu na watu huingiza jiko la mkaa chumbani, kosa linaloua kimyakimya.

Mtoto akiacha kucheza au kula vizuri kwa muda, au akiumia asimkimbilie mtu yeyote, mpeleke kliniki ya watoto au zahanati. Mama naye akihisi huzuni isiyoisha baada ya kujifungua, au akiona hana hamu ya kumshika mwanawe, amweleze muuguzi siku hiyohiyo ya kliniki bila kungoja aulizwe, kwa kuwa sonona ya uzazi inatibika.