Somo: Kupima mtu anavyoona na kusikia mwendo kichwani (maswali yaulizwe hapa hapa)

Habari zenu. Tangu niseme napima taswira za kichwani (yaani mtu anavyojijengea picha ya mwendo akilini bila kuufanya) za mabinti wangu wa netiboli hapa Mtwara, kila wiki napata ujumbe ule ule: "Mwalimu, unapimaje kitu kisichoonekana?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Hakuna mashine. Unamuuliza mtu kwa utaratibu, naye anajipa alama. Mambo haya ni ya zamani: mwaka 1880 Francis Galton wa Uingereza aliwauliza watu waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa, mwanga wake, rangi zake. Kuna walioiona kama wamekaa mbele yake, na kuna ambao hawakuona kitu. Mimi natumia MIQ-R, dodoso la kupima taswira za mwendo, la watafiti Hall na Martin, 1997. Lina miendo minne na maswali manane.

1. Tafuta mahali patulivu. Sisi tunakaa chini ya mwembe kabla jirani hajafungulia muziki.

2. Pima mmoja mmoja. Wakiwa kundi wanaigana alama.

3. Mweleze mwendo, kisha aufanye kweli, mara moja. Miendo ni kuinua goti, kuruka mikono ikipanda juu, kuleta mkono mbele kutoka pembeni, na kuinama kugusa vidole vya miguu.

4. Arudi alipoanzia, atulie, aufanye tena kichwani tu.

5. Uliza. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni polepole. Kila mwendo unapimwa mara mbili: mara moja unauliza aliuona kwa urahisi gani, mara nyingine mwili uliupata kwa urahisi gani. Nilitafsiri mwenyewe usiku, nikaandika "kuona" na "kuhisi". Nikapima timu nzima. Alama za pande zote mbili zikafanana karibu kwa kila binti, nami nikajisifu kwamba nina timu ya ajabu. Mpaka mfungaji wangu akauliza: "Mwalimu, mimi nahisi niliruka, ila sina uhakika. Niandike ngapi?" Kumbe kwake kuhisi ni kudhani! Nilikuwa nawauliza kama wanadhani wameona. Huku kwetu mwili unasikia: mtu anasikia baridi, anasikia maumivu, anasikia njaa. Nikaandika upya, "Goti na paja lako vilisikia mwendo kwa urahisi gani?", nikarudia wote. Safari hii alama zikaachana. Yupo aliyeona kama sinema na mwili wake kimya.

Tahadhari: usiseme "ulisikia?" ukaishia hapo. Mmoja alinijibu amesikia kishindo cha miguu. Taja kiungo.

Tahadhari nyingine: unauliza urahisi wa taswira, si wa mwendo. Binti alijipa 2 kwenye kuinama kwa sababu kiuno chake kigumu.

6. Alama ni 1 hadi 7. 1 ni vigumu sana, 7 ni rahisi sana. Jumlisha kuona peke yake na kusikia peke yake, kila upande unatoka 4 hadi 28. Ukivichanganya umerudi kwenye kosa langu la hatua ya tano.

7. Hakiki kwa saa ya simu. Atembee hatua ishirini ukihesabu sekunde, kisha atembee kichwani akikuambia "naanza" na "nimefika". Muda ukikaribiana, ni dalili nzuri. Akifika kichwani kwa nusu ya muda, kuna hatua ameziruka.

MASWALI

Pweza Mkavu: Mkuu, alama ya juu ni ipi?
Jibu: Hatua ya 6.

Pweza Mkavu: Na tunajumlisha zote?
Jibu: Hatua ya 6, mstari huo huo.

Mzalendo wa Ligula: Hii si ramli kweli? Mtu anaweza kukudanganya tu.
Jibu: Anaweza, ndiyo maana kuna hatua ya 7, ambayo naona hukufika. Mganga hakuonyeshi alivyopata jibu. Mimi nimekuonyesha mpaka nilipokosea.

Mwalimu wa Lindi: Mimi nilijaribu VVIQ, lile dodoso la kupima picha za kichwani zilivyo wazi, kwa wanafunzi. Aliyejisifu kuwa anaona kila kitu akapata alama ndogo kuliko wote. Halafu kuna mandhari ya milima na ziwa, na wengi hawajawahi kuona ziwa.
Jibu: Maswali mazuri haya. VVIQ ya David Marks ya 1973 ina maswali 16, na namba zake zimegeuka: 1 ni wazi kama kuona kwa macho, 5 ni hakuna kitu. Kwa hiyo kijana wako hakudanganya. Kuhusu ziwa, acha wajijengee. Ukiweka bahari na mikoko umetengeneza kipimo chako, sawa, ila sema hivyo na usilinganishe na alama za wengine. Mandhari yake nyingine, ya jua likichomoza, ni yetu kabisa, sisi tunaliona jua likitoka baharini.

Kinyago: Shikamoo mwalimu. Nikifumba macho naona giza tu, hata sura ya mama siioni. Nina ugonjwa?
Jibu: Marahaba. Huna. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina, afantasia. Watu wa namna hiyo wanaishi na kufanya kazi zao kama kawaida. Jipime upande wa kusikia mwendo, usishangae ukiwa mzuri.

Binti Newala: Baba alipata kiharusi, upande wa kushoto mzito. Kuruka hawezi.
Jibu: Pole sana. Achana na MIQ-R. Lipo dodoso jingine la taswira za mwendo, KVIQ, la Malouin na wenzake wa Kanada, 2007. Linafanyika amekaa, na ngazi zake ni 1 hadi 5. Toleo fupi lina miendo mitano tu. Mwombe mtaalamu wa tiba ya viungo anayemhudumia alisimamie yeye, usimpime peke yako.

Kijana wa Mitwero: Nje ya mada kidogo. Mama yangu anabangua korosho miaka yote, mikono inakwenda yenyewe huku anapiga soga. Hatua ya 7 inafaa kwa korosho?
Jibu: Umenipa wazo! Korosho kumi kweli, kisha kumi kichwani. Rudi utuambie.

Kijana wa Mitwero: Nimerudi. Kichwani alichelewa kuliko za kweli. Nikamwambia mama, umekosea. Akasema hajakosea, ya sita ilivunjika punje, ikabidi achukue nyingine.