Historia ya ukoo kwenye mkutano wa familia, Lubumbashi

Julai na Agosti watoto hawaendi shule na mvua haipo, kwa hiyo familia nyingi za Lubumbashi hukutana wakati huo. Kazi ya kukusanya historia na kuchora mti wa ukoo ianze miezi 2 kabla. Ukiiachia siku yenyewe, wazee watasalimiana, watakula, watachoka, na hutapata kitu.

Mtembelee kila nkambo (babu au bibi) asubuhi, ukiwa na simu yenye chaji na foto 3 au 4 za zamani. Foto hufungua kinywa kuliko swali. Dakika 40 zinatosha. Mwaka wa kuzaliwa wengi hawaukumbuki, basi shika matukio: uhuru na kujitenga kwa Katanga mwaka 1960, Élisabethville kuitwa Lubumbashi mwaka 1966, vita vya Kolwezi vya Mei 1978. Uliza: "Kolwezi ilipopigwa, huyu mtoto alikuwa anatembea? Alikuwa na meno?" Jibu hilo litakusogeza karibu na mwaka wenyewe.

Majina ndiyo yanayoharibu miti mingi ya ukoo. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na watu wakachukua majina ya mababu. Mtu aliyebatizwa Joseph anaonekana bila Joseph kwenye karatasi za kazi za 1975, na kijana anayechora mti anaandika watu wawili. Tandika karatasi zote mezani: kadi ya ubatizo, kitambulisho, buku ya kazi ya kampuni ya migodi, Union Minière au Gécamines. Linganisha jina la baba, jina la mama na kijiji cha kuzaliwa. Vikikubaliana vyote 3, huenda ni mtu mmoja, ila ndugu wa tumbo moja nao hukubaliana hivyo, basi waulize wazee kwanza. Akiwa mmoja, andika majina yote mawili pamoja. Na miji ni vilevile: Jadotville ni Likasi, na "Shaba" ni Katanga ya 1971 hadi 1997.

Sikiliza pia majina ya mapacha. Ukikuta Mbuyi kwa Waluba wa Kasai, muulizie pacha wake, Kabanga. Kwa Waluba wa Katanga, Kyungu na Kabange. Mara nyingi mmoja alifariki akiwa mchanga na hakuna aliyemtaja. Naye ana nafasi yake kwenye mti.

Kwa mti wenyewe, unganisha karatasi nene 4 za sentimita 70 kwa 100. Kila mtu apate kipande chake cha karatasi, na ukibandike kwa utepe mwepesi, sio gundi, maana vipande vitahama. Wababa peke yao hawatoshi. Kwa Wabemba na Walamba ukoo hupitia kwa mama. Ukiacha upande huo, mjomba mwenye neno la mwisho hataonekana popote.

Foto za zamani usizichukue kwa wenyewe. Zipige picha kwa simu hapohapo karibu na dirisha, bila mwanga (flash) wa simu, kwa sababu mwanga huo huacha doa jeupe usoni. Geuza foto, upige na mgongo wake: pengine pana tarehe au muhuri wa studio. Ukitaka kuongeza majina, tumia penseli laini. Wino wa biki hupenya, na kalamu hukwaruza sura upande wa pili.

Siku yenyewe, weka mti chini kidogo, usawa wa macho ya mzee aliyekaa kwenye kiti, mahali pasipo upepo, na kijana mmoja mwenye kuandika vizuri akae pembeni yake. Simulizi zije kabla ya bukari (ugali). Baada ya chakula hakuna anayesikiliza. Mzee mmoja, dakika 10, habari moja. Mambo ya parseli (viwanja), ya watoto wa nje, na ya Wakasai waliofukuzwa Katanga 1992 na 1993 yanahitaji kuongelewa kando, na mwenye uchungu aulizwe kwanza kama anataka.

Wazee wakibishana juu ya jina, usiamue. Andika maneno ya wote wawili, na kando ya kila neno andika nani alilisema.

Jioni, kabla ya kukunja karatasi, piga picha za mti kwa vipande 6 vinavyopandana kidogo. Uvitume kwenye kikundi cha WhatsApp kama dokumenti, maana ukivituma kama foto ya kawaida hubanwa, na majina madogo hayasomeki tena.