Unataka kwenda Ziwa Ngozi na Masoko? Soma hapa kwanza kabla hujapanda costa

Ukisema unaenda ziwani Mbeya watu wengi wanajua ni Nyasa tu, kule Matema, mchanga na samaki wa kukaanga. Mimi leo naongelea yale ya juu, maziwa ya volkano yaliyojificha kwenye mashimo ya milima, na kati ya hayo yapo mengi tu huko Rungwe ila mawili ndo yanafaa kwa mtu anayeenda mara ya kwanza, Ngozi na Masoko. Na niseme mapema usije ukalaumu mtu, Ngozi ni la kutazama, Masoko ndo la kushika maji. Ukibeba taulo na nguo za kuogelea kwenda Ngozi hapo umebeba mzigo wa bure.

Usafiri sio shida. Ukiwa Mbeya mjini nenda stendi ya Nanenane, panda costa za Tukuyu au Kyela, zipo siku nzima. Gari likifika Uyole linaiacha barabara ya Dar linakata kulia na kuanza kupanda, hapo masikio yanaanza kuziba na baridi inaingia hata kama mjini uliacha jua. Mwambie konda mapema kabisa kwamba unashuka Mchangani kwenye njia ya Ngozi, halafu mkumbushe tena mkikaribia, maana akishapata abiria wengine wa Kiwira huyo amekusahau na utajikuta Tukuyu. Ni chini ya kilomita 40 kutoka Mbeya. Pale barabarani boda wapo, wanakupeleka ndani mpaka msitu unapoanzia, unapita katikati ya mashamba ya viazi, na kama una miguu na muda unaweza kutembea ila jua hiyo peke yake inakula saa nzima na zaidi kabla hata mlima wenyewe haujaanza. Boda elewana naye bei ya kwenda na kurudi, chukua namba yake, na umlipe nusu tu mpaka atakaporudi kukufuata.

Msitu wenyewe ni hifadhi ya Uporoto na uko chini ya TFS, ule wakala wa serikali wa misitu, kwahiyo kuna kiingilio. Malipo ni kwa kontroo namba kama malipo yote ya serikali siku hizi, kwahiyo hakikisha hela iko kwenye simu kabla hujatoka mjini, sio ufike pale una noti mfukoni uanze kutafuta wakala kijijini. Mtanzania beba na kitambulisho, bei ya raia na ya mgeni kutoka nje ni vitu viwili tofauti kabisa. Na mwenyeji wa kukuongoza mchukue, usijifanye mjuaji, njia zinagawanyika mle ndani na ukungu ukishuka hata simu haikusaidii.

Sasa muda wa kwenda, hapa ndo watu wengi wanapotea. Rungwe ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, kuanzia Novemba mpaka Mei kule juu ni tope tu, mteremko unakuwa kama umepakwa sabuni. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Juni na Julai ni baridi ya kweli, ya kuvaa sweta mbili na kofia, ila njia inakuwa kavu na mimi naona bora baridi kuliko utelezi. Halafu siku yenyewe wahi, saa moja asubuhi uwe umeshatoka Mbeya, kwa sababu ukungu una tabia ya kupanda kadiri siku inavyosogea na ukifika ukingoni saa nane mchana unaweza ukakuta shimo lote limejaa weupe mtupu, ziwa lipo hapo chini yako na hulioni, umetembea bure na kiingilio hakirudishwi.

Nguo na vitu: raba zenye meno au gambuti kabisa, suruali ndefu maana upupu na viwavi vipo, koti la mvua (mwavuli hauna kazi porini unanasa kwenye matawi), maji ya kutosha maana ukianza kupanda hamna duka, na kitu cha kutia tumboni. Fimbo utakatiwa na mwenyeji wako. Basi. Watu wanakuja na spika za muziki sijui wanamuwekea nani, mbega wakisikia tu hizo kelele wanahama upande wa pili wa mlima na wewe umekosa.

Kupanda ni kama saa moja au moja na nusu kutegemea mapafu yako. Mwanzoni ni mwinuko wa kawaida, miti mikubwa imevaa nyuzi za kuning'inia kama ndevu, kuna migomba pori humo ambayo haizai ndizi za kula, baadaye mianzi, halafu mwishoni kabisa njia inasimama wima unapanda kwa kushika mizizi. Tembea taratibu na angalia vichaka vya usawa wa kifua, sio miguuni tu, maana kuna kinyonga mwenye pembe tatu usoni, mbili juu ya macho na moja puani, ambaye huwezi kumkuta kokote duniani zaidi ya huku nyanda za juu kusini. Anatulia kwenye tawi unaweza ukampita hatua moja tu usimwone. Hana sumu, hana mkosi, wala asikudanganye mtu, mpige picha umuache alipo.

Ukifika juu ndo utaelewa kwanini watu wanahangaika. Ni shimo kubwa lililobaki baada ya mlima kujilipua na kuporomoka ndani, kuta zake zimefunikwa na msitu mpaka chini, na ziwa limekaa humo la kijani kijani, lina urefu wa kama kilomita 2.5 na kina cha zaidi ya mita 70, halina mto unaotoka. Wenyeji watakuonyesha kwamba lina umbo la ramani ya Afrika, ukikodoa macho kidogo unaiona kweli. Utasikia na habari za Wajerumani walioficha mali humo, na Wasafwa, wenyeji wa huku, wana heshima zao na hilo ziwa tangu zamani, kwahiyo kama mzee anakwambia hapa hatupigi kelele au hatutupi mawe, itika tu ndio mzee, usianze ubishi.

Pale ukingoni hamna fensi, hamna chuma, ni majani halafu hewa. Selfi piga ukiwa umekaa. Kushuka mpaka kwenye maji kuna watu wanashuka, ni zaidi ya mita 200 kwenda chini kwa mizizi na udongo unaomeguka, mimi simshauri mtu anayekwenda kutalii tu, kushuka utashuka ila kupanda tena ndo habari nyingine, na ukivunjika mguu kule chini hamna machela wala gari litakalokufuata, ni mabega ya vijana wa kijijini.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi ni gesi. Eneo lote la Rungwe lina volkano iliyolala, haijafa, na kaboni dioksaidi inatoka ardhini sehemu nyingi, mpaka kuna kiwanda kinaivuna hukohuko na kuiuza, ni ileile inayotiwa kwenye soda. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na inatulia kwenye mabonde madogo na mashimo hasa asubuhi ikiwa hakuna upepo. Kwahiyo ukiona kishimo kina ndege au wadudu waliokufa usiingie kuchungulia, na usiwaache watoto wajifiche humo. Njia kuu ya kwenda ukingoni inatumika kila siku haina shida, nasemea wale wanaopenda kuchepuka.

Masoko sasa. Wengine wanaliita Kisiba. Hili liko ng'ambo ya Tukuyu, mwendo wa kama kilomita 15 kwa boda au kwa gari za vijijini, na huko chini hali ya hewa ni nyingine kabisa, joto, migomba, chai, parachichi. Ziwa ni la duara karibu kabisa, liko kando ya barabara, unashuka kijinjia kifupi umefika, hata bibi yangu angeweza. Juu yake kuna boma la Wajerumani la mawe lililojengwa kabla ya vita ya kwanza ya dunia, na hadithi inayozunguka ni kwamba walipoona Waingereza wanakuja walitupa hela na silaha ziwani. Sarafu za zamani huwa kweli zinaokotwa pale kandokando, ukikutana na kijana anakuuzia heller, sarafu ya enzi za Mjerumani, iangalie vizuri tu, usinunue kwa pupa.

Watu wanaogelea hapo na maji ni matamu, ila kumbuka hili pia ni shimo la volkano, sio ufukwe. Hatua tatu nne maji ya magoti, ya tano hamna chini. Kama hujui kuogelea baki kwenye magoti yako, na watoto wawe mkononi sio machoni tu. Uliza kwanza wenyeji ni upande gani wanaoogea wao, halafu salimia, ukisema "ugonile" (salamu yao) na baadaye "ndaga" (asante) utaona sura zinavyofunguka, Wanyakyusa wanapenda mgeni anayejaribu.

Je, unaweza kuyamaliza yote mawili siku moja? Kwa gari lako mwenyewe ndio, kwa costa na boda utajichosha na hutofurahia hata moja. Mimi nakushauri Ngozi asubuhi, ukishuka saa saba hivi kula viazi na maharage pale barabarani kwa akina mama, panda gari endelea Tukuyu ulale, gesti zipo za kila bei na uliza kama kuna maji ya moto kabla ya kulipa, hilo ni swali la lazima Tukuyu. Kesho yake Masoko bila haraka, na kurudi Mbeya ondoka kabla ya saa kumi, jioni costa zinajaa wafanyabiashara na mikungu ya ndizi na utasimama mpaka Uyole.