Kugawa Laini ya Intaneti ya Kampuni kwa Kufuata Saa

Laini moja ya intaneti inapotumiwa na ofisi nzima, malalamiko huwa na saa zake. Asubuhi simu za intaneti hukatakata na mikutano ya video hukwama, kumbe wakati huo huo seva ya nakala rudufu bado inapakia mafaili ya jana usiku. Usiku wa manane laini hiyo hiyo haina kazi kubwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipa trafiki kipaumbele kulingana na saa, kwa kutumia ruta ya Linux na zana yake ya tc (inayopanga foleni za trafiki), ingawa hatua zenyewe hazitofautiani sana katika ruta nyingine yenye uwezo wa kupanga foleni.

Nianze na msimamo wangu, kwa kuwa ndio unaoongoza mengine yote: saa haiwezi kufanya kazi ya foleni. Wasimamizi wengi huanza na ratiba, wakafunga kabisa huduma fulani hadi jioni, kisha wakashangaa kwamba simu bado zinakatika saa nne asubuhi. Foleni ndiyo inayoamua pakiti ipi (kipande kidogo cha data) itangulie katika kila milisekunde. Saa hubadilisha mafungu ya kasi tu. Kwa hiyo panga foleni ifanye kazi vizuri mchana kutwa kwanza, ndipo uilete saa.

Pima kabla ya kugusa chochote

Rekodi matumizi ya laini kwa wiki nzima, upande wa kupakua na upande wa kupakia kila mmoja peke yake. Upande wa kupakia ndio unaosahauliwa, na mara nyingi ndio wenye tatizo, kwa sababu hata mtu anayepakua faili hutuma kupitia huko pakiti ndogo za kuthibitisha kwamba data imefika. Njia hiyo ikijaa, upakuaji nao unazorota. Angalia pia ni saa ngapi hasa laini inajaa. Saa za kazi zilizoandikwa katika mkataba wa ajira na saa ambazo laini inaelemewa ni vitu viwili tofauti, na ratiba yako inapaswa kufuata hizi za pili.

Foleni iwe mikononi mwako

Modemu nyingi zina bafa (kumbukumbu ya kushikilia pakiti zinazosubiri) kubwa kupita kiasi. Chukua bafa ya megabaiti 1, ambayo ni megabiti 8, iliyo mbele ya laini inayopakia kwa megabiti 2 kwa sekunde: ikijaa, huchukua sekunde 4 kumaliza kutoa kilichomo, na pakiti ya sauti iliyofika mwisho wa mstari itasubiri sekunde hizo zote. Linganisha na pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linalotaka ucheleweshaji wa sauti kwa upande mmoja usizidi milisekunde 150 katika mazungumzo ya kawaida. Hakuna kipaumbele kitakachosaidia hapo, kwa kuwa foleni imejengeka katika kifaa kisichojua vipaumbele vyako.

Dawa yake ni kuiwekea ruta kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili msongamano utokee ndani ya ruta badala ya modemu. Kwa laini ya megabiti 20, mimi huweka 18. Wapo wanaoona uchungu kupoteza hizo 2, lakini bila kuziacha, yote yanayofuata ni mapambo. Upande wa kupakua una ugumu zaidi, kwa sababu pakiti zinakuwa zimekwisha kupita kwenye laini kabla hujaziona. Unachoweza kufanya ni kuzielekeza kwenye kiolesura cha ifb (kiolesura bandia cha Linux), uzipangie foleni huko, na kuutegemea utaratibu wa TCP wa kupunguza mwendo pale pakiti zinapocheleweshwa au kudondoshwa. Upande huo acha nafasi kubwa zaidi kidogo.

Makundi manne yanatosha

Nimewahi kuona mpangilio wenye makundi kumi na saba, na aliyeuandika mwenyewe hakuweza tena kuueleza. Kwa kutumia HTB (njia ya tc ya kugawa kasi kwa makundi, kila kundi likiwa na namba yake kama 1:10), gawa megabiti 18 hivi: kundi 1:10 la simu za sauti lipewe 2, kundi 1:20 la mikutano ya video na mifumo ya kazi lipewe 10, kundi 1:30 la kuvinjari kwa kawaida lipewe 5, na kundi 1:40 la nakala rudufu na masasisho ya programu lipewe 1. Fungu hilo ni dhamana ya kundi. Juu yake kila kundi lina dari, yaani kiasi linachoweza kufikia kwa kuazima kilichoachwa na wengine. Megabiti 2 za sauti zinaweza kuonekana chache, lakini simu moja inayotumia kodeki ya G.711 (namna ya kugeuza sauti kuwa data) hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwa kila upande, kwa hiyo simu ishirini za pamoja zinatosha humo. Chini ya kila kundi weka fq_codel (foleni inayogawa zamu kwa haki), ili mtiririko mmoja wa data usiimeze mingine ya kundi lake.

Katika kutambua trafiki, usitegemee namba za poti peke yake, kwa kuwa karibu kila kitu siku hizi hupita poti 443. Anwani ya IP ya seva ya nakala rudufu ni kitambulisho cha uhakika zaidi. Simu za mezani kwa kawaida huzipa pakiti zao alama ya DSCP 46 (namba ya kipaumbele ndani ya pakiti), nayo inafaa kuaminiwa ikiwa inatoka katika mtandao wa simu pekee. Ukiiamini kutoka kwenye kila kompyuta, yeyote anaweza kujipandisha cheo.

Sasa ilete saa

Hesabu moja inaonyesha kwa nini ratiba ina maana. Nakala ya gigabaiti 50 ni megabiti 400,000. Mchana, chini ya dari ya megabiti 4 kwa sekunde, ingehitaji takriban saa 28. Usiku, ikipewa 16, inamalizika ndani ya saa 7. Ikianza saa moja jioni, kufikia saa nane usiku imekwisha. Skripti ifuatayo inatosha kwa upande wa kupakia (eth0 ni kiolesura cha laini, rate ni fungu, ceil ni dari, prio ni kipaumbele):

```
#!/bin/sh
SAA=$(date +%H)
SIKU=$(date +%u)

badili() {
  tc class change dev eth0 parent 1:1 classid "$1" \
     htb rate "$2" ceil "$3" prio "$4"
}

if [ -e /etc/laini-mchana ] || { [ "$SIKU" -le 5 ] &&
   [ "$SAA" -ge 7 ] && [ "$SAA" -lt 19 ]; }; then
  badili 1:20 10mbit 18mbit 1
  badili 1:30 5mbit 16mbit 2
  badili 1:40 1mbit 4mbit 3
else
  badili 1:20 2mbit 18mbit 1
  badili 1:30 2mbit 18mbit 2
  badili 1:40 12mbit 16mbit 3
fi
```

Kundi la sauti haliguswi, kwa sababu anayepiga simu usiku naye anastahili kusikika. Neno change limechaguliwa kwa makusudi: linabadilisha mafungu bila kuvunja foleni, ilhali kufuta muundo wote na kuujenga upya hudondosha pakiti zilizokuwa zikisubiri. Angalia pia kwamba mchana nakala rudufu hazikufungwa kabisa. Kazi iliyochelewa kuisha alfajiri inapaswa kuendelea polepole. Ukiikata ghafla, baadhi ya programu huanza upya tangu mwanzo usiku unaofuata, na ukawa na nakala isiyokamilika kamwe.

Iweke skripti katika cron (mpangaji wa kazi za muda wa Linux) iendeshwe kila baada ya dakika tano, na vilevile ruta inapowaka, baada ya makundi kuundwa. Wengi huandika kazi mbili, moja ya asubuhi na nyingine ya jioni, lakini umeme ukikatika na ruta ikawaka saa tatu asubuhi, kazi ya asubuhi imeshapita na mpangilio unabaki ule wa kuanzia mpaka jioni. Skripti inayouliza kila mara saa ni ngapi hujirekebisha yenyewe. Faili la /etc/laini-mchana ni la siku ambazo wahasibu wanafunga hesabu za mwezi na kukesha ofisini: likiwepo, mpangilio wa mchana unabaki. Ukilisahau hapo, nakala za usiku zitakwama, kwa hiyo andika mahali kwamba umeliweka.

Mitego ya saa na ya vipimo

Ruta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, wakati sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko. Katika skripti hii 7 ni saa moja na 19 pia ni saa moja, na aliyeambiwa kwa mdomo tu "badilisha saa moja" anaweza kuandika 1, mpangilio ukabadilika saa saba usiku. Katika maelezo ya maandishi taja namba ya mfumo daima. Hakikisha pia ruta inasawazisha saa yake kwa NTP (huduma ya mtandaoni ya kutoa saa sahihi) na kwamba ukanda wa saa ni sahihi; sheria za muda za iptables (zana ya Linux ya kuchuja pakiti) husoma UTC, yaani saa ya kimataifa, usipoelekeza vinginevyo, hivyo palipo mbele ya UTC kwa saa tatu, sheria ya 08:00 huanza kufanya kazi 11:00, yaani saa tano asubuhi.

Kuhusu vipimo, katika tc neno mbit ni megabiti kwa sekunde, lakini mbps ni megabaiti kwa sekunde. Ukiyachanganya, dari yako inakuwa mara nane ya uliyokusudia, na hutaona ujumbe wowote wa kosa. Mtego mwingine ni uharakishaji wa trafiki: katika RouterOS (mfumo wa ruta za MikroTik), kwa mfano, pakiti zinazopita FastTrack, njia yake ya mkato, huziruka foleni rahisi, na msimamizi hubaki akirekebisha namba zisizosomwa na kifaa.

Jaribu mchana kweupe

Usisubiri usiku kujua kama mpangilio unafanya kazi. Anzisha upakiaji mkubwa kutoka seva ya nakala na mwingine kutoka kompyuta ya kawaida, kwa kuwa dari ya mchana ya nakala peke yake haijazi laini, na kwenye kompyuta nyingine acha ping (kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi) ikiendelea kuelekea anwani ya nje. Muda wa ping ukipanda kutoka milisekunde 20 hadi mamia, kikomo chako cha jumla bado kiko juu ya uwezo wa laini. Kishushe kwa nusu megabiti na urudie. Kisha simamisha upakiaji wa kompyuta ya kawaida na utazame tc -s class show dev eth0: baiti za nakala zinapaswa kuongezeka chini ya 1:40. Zikionekana chini ya 1:30, utambuzi wako haukushika, na hakuna saa itakayolirekebisha hilo mpaka urudi kwenye sheria ya anwani ya seva.