Kumfundisha mtoto kubungua bongo kabla ya kutunga hadithi

Mwambie mtoto wa darasa la tatu atunge hadithi, atakuletea Sungura na Fisi au safari ya kwenda kwa bibi. Mawazo mengine anayo, ila ameshika la kwanza lililomjia. Kubungua bongo ni kuyatoa mengi kwanza, kisha ndipo achague.

1. Anza na kitu, usianze na mada. Weka mezani kandambili moja isiyo na mwenzake. Ni ya nani? Ya pili iko wapi? "Siku nisiyoisahau" ni pana mno kwa mtoto wa miaka minane.

2. Kila mtoto awaze peke yake kwanza. Dakika tatu za kimya, achore au aandike maneno machache. Walimu wengi huiruka hatua hii. Alex Osborn, Mmarekani wa matangazo ya biashara, ndiye aliyeeneza kubungua bongo kwa makundi. Lakini jaribio la Chuo Kikuu cha Yale la 1958 lilionyesha kuwa waliowaza mmoja mmoja, mawazo yao yakijumlishwa, waliwapita waliokaa kikundi. Darasani utaliona mwenyewe: mmoja akitaja jini, wote wanataka jini.

3. Andika mawazo yote ubaoni, hata la kandambili iliyoolewa. Usikosoe. Usisifu pia, maana watatunga cha kukupendeza wewe.

4. Sasa kuchagua, na hapa ndipo penye kazi. Kura ya mikono haifai, watoto humpigia rafiki. Kila mmoja achague mawazo mawili, amsimulie jirani yake, naye jirani aulize: mhusika anataka nini? Nini kinamzuia? "Kandambili ya dhahabu" inapendeza, lakini imekaa tu. "Kandambili imechukuliwa na mto, na shuleni hawaruhusu pekupeku" imeshaanza kutembea. Wazo lisilo na kizuizi aliweke akiba, asilifute.

Maswali ya walimu na wazazi

Mwalimu, mimi nina watoto tisini. Nitaweza?
Hatua ya tatu ifanyike dawatini. Kila dawati lilete ubaoni wazo moja tu, lile ambalo wanadhani hakuna dawati jingine litakuwa nalo.

Mwanangu anarudia hadithi ya bibi yake neno kwa neno. Nimkataze?
Usimkataze, mama. Mwambie abadilishe kitu kimoja: safari hii fisi ndiye mjanja. Mengine yatalazimika kubadilika yenyewe.

Na ambaye kuandika bado kunamsumbua?
Asimulie, wewe uandike. Tahajia ina kipindi chake.