SOMO: Kupima maktaba za Java kwenye RISC-V ukiwa na Debian na kompyuta ya kawaida

Habari zenu wakuu. Swali hili nimelijibu faraghani mara nyingi mno, kila mara kwa maneno yaleyale. Naliweka hapa ili atakayeuliza tena nimpe kiungo tu: "Maktaba yangu ya Java inakwenda vizuri kwenye amd64 (prosesa za kawaida za Intel na AMD). Nitajuaje kama itakwenda kwenye riscv64 (aina nyingine ya prosesa, RISC-V) na mashine hiyo sina?"

Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ndiyo toleo la kwanza la Debian kuibeba riscv64 rasmi. OpenJDK iliipokea RISC-V kuanzia toleo la 19, mwaka 2022. Zana zipo. Wanaohitajika ni wapimaji.

Hatua ya 1. Endesha majaribio yote kwenye mashine yako ya kawaida kwanza, uhifadhi matokeo ya kulinganishia.

Hatua ya 2. Angalia kama jar yako, au jar inazozitegemea, zimebeba msimbo wa mashine (faili za .so, zinazojengwa kwa prosesa ya aina moja tu):

`unzip -l maktaba.jar | grep '\.so'`

Kwenye vifurushi vya Debian tofauti hii inaonekana waziwazi: libjna-java ni "Architecture: all", kimoja kwa prosesa zote, lakini libjna-jni hujengwa upya kwa kila prosesa. Shida nyingi hukaa kwenye hicho cha pili.

Hatua ya 3. Sakinisha mmdebstrap, inayotengeneza Debian ndani ya folda, na QEMU, inayoiga prosesa nyingine: `sudo apt install mmdebstrap qemu-user-static`

Hatua ya 4. Tengeneza Debian 13 (jina lake ni trixie) ya riscv64 ndani ya folda: `sudo mmdebstrap --architectures=riscv64 trixie /srv/riscv`

Hatua ya 5. Pachika proc (folda ya taarifa za mfumo) kabla ya kuingia, maana Java inaihitaji, kisha sakinisha:

`sudo mount -t proc proc /srv/riscv/proc`
`sudo chroot /srv/riscv`
`apt install openjdk-21-jdk-headless maven file unzip`

Hatua ya 6. HAKIKISHA UKO KWENYE PROSESA GANI. Hapa naomba msome polepole.

`java -XshowSettings:properties -version 2>&1 | grep os.arch`

Lazima ikuandikie riscv64. Mimi niliwahi kuiruka hatua hii. Skripti yangu ilikuwa na mstari unaotengeneza mfumo pale tu folda isipokuwepo. Folda ilikuwepo tangu wiki kadhaa nyuma, na ndani yake ilikuwa Debian ya amd64 niliyopimia kitu kingine. Skripti ikaruka utengenezaji, ikaingia, ikaendesha majaribio, yote yakapita. Nikawaandikia watunzaji wa maktaba kwamba riscv64 iko salama, nao kwa kuniamini wakaondoa onyo kwenye maelezo yao. Mtu wa kwanza mwenye ubao halisi wa RISC-V akapata `UnsatisfiedLinkError` papo hapo: ndani ya jar hapakuwa na .so ya riscv64 kabisa. Dalili nilikuwa nayo mbele ya macho. Majaribio yalikwisha kwa kasi ileile ya siku zote, na QEMU haiwezi kwenda kasi hiyo. Watu walipanga kazi zao kwa kutegemea neno langu, na neno lenyewe halikuwa kweli.

Basi: weka os.arch kwenye mstari wa kwanza wa kila ripoti. Skripti isimame yenyewe ikiona jibu jingine. Na folda ya zamani usiitumie, futa utengeneze mpya. Kabla ya kufuta, toa proc kwanza kwa umount.

Hatua ya 7. Nakili mradi wako ndani ya /srv/riscv, kisha `mvn test`. Jaribio likianguka kwa kuisha muda, usikimbilie kusema ni kosa la maktaba, kwa kuwa QEMU ni nzito. Kwa JUnit 5 ongeza `-Djunit.jupiter.execution.timeout.mode=disabled`, uone kama bado linaanguka.

Tahadhari nyingine: kuna maktaba zisizolalamika zikikosa .so yake. lz4-java ukiita `fastestInstance()` hurudi kimyakimya kwenye Java tupu, majaribio yanapita, na msimbo wa C haujaguswa. Ita `nativeInstance()` ili ikikosa ianguke.

Hatua ya 8. Ripoti: os.arch, toleo la Java, QEMU au ubao halisi, idadi ya yaliyopita, yaliyoanguka na *yaliyorukwa*.

---

MASWALI

kijana_wa_kodi: Mkuu nimefuata zote inakataa.

Mwandishi: Hatua ipi? Imeandika nini? Bandika maneno yenyewe.

kijana_wa_kodi: Ya 6. Inasema amd64 lakini majaribio yamepita yote, si sawa tu?

Mwandishi: Si sawa. Soma hatua ya 6 tena, yote. Futa folda, rudia kuanzia ya 4.

Binti_Mwanza: Shikamoo kaka. Chuoni tunafundishwa kwamba Java ukiiandika mara moja inakwenda popote. Kama maktaba haina .so hata moja, kuna haja gani ya kupima?

Mwandishi: Marahaba dada, nashukuru kwa swali hili. Ahadi hiyo inatimizwa na JVM, programu inayoendesha Java, na JVM yenyewe ina sehemu zinazoandikwa upya kwa kila prosesa. Mfano mmoja: Java inataka `(int) Float.NaN` iwe 0. Amri ya RISC-V ya kugeuza desimali kuwa namba kamili, ikipewa NaN, hutoa namba kubwa kuliko zote, 2147483647. Kwa hiyo JVM lazima isahihishe jibu kila mara. Aliyeandika sehemu hiyo akisahau, maktaba yako safi kabisa itatoa hesabu mbovu. Ukipima, unaipima na JVM. Na kwa wenye C: `char` kwenye amd64 inakubali hasi, kwenye RISC-V haikubali. `if (c < 0)` hapo haitatimia kamwe.

Binti_Mwanza: Na nyuzi zinazoendeshwa sambamba? QEMU inaziiga sawasawa?

Mwandishi: Hapo QEMU haitoshi. RISC-V inaruhusiwa kupanga upya usomaji na uandishi wa kumbukumbu kwa uhuru kuliko x86. QEMU yako iko juu ya x86, kwa hiyo unarithi ukali wa x86, na kosa la kusahau `volatile` (neno la Java linalolinda mpangilio huo baina ya nyuzi) linaweza kujificha siku zote. Kwa nyuzi tafuta ubao halisi wenye viini zaidi ya kimoja. Ubao wa VisionFive 2 una vinne.

fundi_seva: Nyongeza kidogo. `java -version` ikiandika "Zero VM" badala ya "Server VM", hiyo haina JIT (sehemu ya JVM inayogeuza programu kuwa msimbo wa mashine inapoendeshwa). Utangoja sana, na JIT hutakuwa umeipima.

Mwandishi: Kweli kabisa mkuu, naiongeza kwenye hatua ya 6.

kijana_wa_kodi: Sasa imesema riscv64. Lakini snappy-java inaleta "failed to map segment from shared object".

Mwandishi: Safi, sasa umeleta maneno yenyewe. Je, /tmp yako imepachikwa na noexec (inayozuia kuendesha msimbo ulio humo)? snappy-java hufungua .so yake humo kabla ya kuipakia. Ielekeze kwingine: `-Dorg.xerial.snappy.tempdir=/root/tmp`. Tengeneza folda hiyo kwanza.

kijana_wa_kodi: Imekubali. Mbili zimeanguka, 9 zimerukwa.

Mwandishi: Tuma majina ya zile 9 kwanza.