Mota inangoja nani? Kuondoa ucheleweshaji wa atelie kwa Google Sheets na AppSheet

Jambo yenu wote, wanachama wetu. Somo hili ni kwa wenye atelie, depo na maduka ya vipuri hapa Lubumbashi, pale mteja anapoambiwa "rudi kesho" mara tatu kabla ya kupata kitu chake. Tutafuata mfano wa atelie ya bobinaji (kusuka upya waya za mota). Mota ya pampu inaletwa, inapimwa, devi (makadirio ya bei) inaandikwa, patroni (mwenye atelie) anaidhinisha ununuzi wa waya na beringi, fundi anaifunga na kuijaribu, fakitire (ankara) inatoka, mteja analipa. Tuseme kazi ya mikono yote pamoja ni saa 14, lakini mota inakaa ndani siku 9. Muda mwingi kati ya hizo siku hakuna anayeigusa: karatasi iko mezani ikingoja sahihi, au ujumbe umezama kwenye kikundi cha WhatsApp. Tutatumia Google Sheets, yaani daftari la jedwali la mtandaoni, na AppSheet, zana ya Google inayogeuza jedwali hilo kuwa app ya simu. Programu haitamfanya fundi asuke waya upesi zaidi. Inachofupisha ni kungoja kati ya mkono mmoja na mwingine, basi tuiweke hapo tu.

Mnahitaji akaunti ya Google ya kampuni (ikiwa ni ya mfanyakazi, siku anapoacha kazi anaondoka na daftari lenu), simu mbili au tatu za Android, kompyuta moja kwa siku za kwanza, na mega kidogo kila asubuhi.

Hatua ya 1: Pimeni wiki mbili bila kubadilisha chochote

Fungueni Google Sheets. Vichwa vya safu, kuanzia A hadi K: Namba, Mteja, Kifaa, Imepokelewa, Devi tayari, Imeidhinishwa, Vipuri vimefika, Kazi imeanza, Kazi imeisha, Fakitire, Imelipwa. Kuanzia D mnaandika tarehe pamoja na saa. Tarehe peke yake haitoshi, kwa sababu ngojo nyingi ni za saa tano au sita, na zikiandikwa kwa siku hazionekani.

Kabla ya mstari wa kwanza, ingieni Fichier, kisha Paramètres, mweke saa za GMT+2. Kinshasa iko GMT+1. Faili iliyotengenezwa na mtu wa huko itakuwa nyuma kwa saa moja, na mtashangaa kuona kazi imeisha kabla ya kuanza. Hapohapo angalieni lugha ya eneo. Ikiwa ni Ufaransa, fomula hutenganishwa kwa nukta-mkato, si mkato, na IF inaweza kuonekana kama SI.

Muda wa kungoja idhini, kwenye L2:

=IF(OR(E2="";F2="");"";(F2-E2)*24)

Kuzidisha kwa 24 ni kwa sababu Sheets huhesabu muda kwa siku. Ile sehemu ya OR msiiache. Seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri, na sifuri ya Sheets ni tarehe 30 Desemba 1899. Mkiiacha mtapata ngojo ya zaidi ya saa milioni moja na hesabu yote inaharibika. Kisha pangeni safu hiyo ionekane kama namba ya kawaida, isije ikaonyesha tarehe.

Msiandike =NOW() kama muhuri wa saa. Inajihesabu upya kila faili inapobadilika, kwa hiyo kesho mota ya leo itaonekana imeingia kesho.

Mwisho wa wiki tumieni MEDIAN (namba ya katikati), si wastani. Chukueni ngojo za saa 3, 4, 5, 6 na 120: wastani ni 27.6, ya katikati ni 5. Ile ya 120 ni mota iliyokosa kipuri, na ina tiba yake tofauti.

Kuna mtego hapa ambao wengi wanauangukia. Fomula inaruka mistari isiyokamilika, yaani mota zilizokwama kabisa hazimo ndani ya hesabu, nazo ndizo mbaya zaidi. Zikamateni kwa kanuni ya Little, iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyoko ndani ni sawa na vinavyoingia kwa siku mara siku ambazo kila kimoja kinakaa. Tembeeni ndani ya atelie mhesabu mota kwa kidole. Zikiwa 36 na zinaingia 4 kwa siku, kila moja inakaa siku 9 kwa wastani. Daftari likisema siku 4, basi kuna mota zilizosahauliwa pembeni, au saa zinajazwa kwa kukisia. Zitafuteni kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Chagueni ngojo moja, mbadilishe sheria yake kwanza

Mara nyingi kubwa kuliko zote ni idhini ya patroni. Msikimbilie simu. Andikeni sheria ya ukurasa mmoja: ununuzi chini ya dola 100 unaidhinishwa na mkuu wa atelie; juu ya hapo patroni anatazama mara mbili kwa siku, saa 2:30 asubuhi na saa 8:30 mchana; akisafiri Likasi au Kolwezi, msaidizi aliyetajwa kwa jina anasaini. Kiasi hicho ni mfano, wekeni chenu. Bila sheria hii programu itatuma taarifa, simu italia, na sahihi bado haitatoka.

Hatua ya 3: Jengeni kwenye AppSheet

Kutoka kwenye faili ileile ingieni Extensions, AppSheet, mtengeneze app. Sasa mambo yenye kuharibu kazi yakifanywa vibaya.

Ufunguo wa kila mstari uwe safu mpya yenye UNIQUEID() (inayotoa alama isiyojirudia) kama thamani ya mwanzo. Namba ya mstari haifai: mtu mmoja akifuta mstari, zote zilizo chini zinahama.

Ongezeni safu ya Hali, aina ya Enum (orodha ya kuchagua): Imepokelewa, Devi tayari, Inangoja mteja, Imeidhinishwa, Inangoja vipuri, Vipuri vimefika, Kazini, Imeisha, Fakitire imetoka, Imelipwa. "Inangoja mteja" iwe peke yake. Mteja akikaa siku nne bila kujibu devi, ngojo hiyo isihesabiwe kwa patroni.

Safu za saa zigeuzwe kuwa ChangeTimestamp (muhuri wa saa unaojiandika wenyewe safu nyingine inapobadilika), kila moja ifungwe kwenye Hali na thamani yake. Kuanzia hapo hakuna anayeandika saa kwa mkono. Hali yenyewe ifungeni isihaririwe. Ibadilishwe kwa vitufe tu, kimoja kwa kila kukabidhiana: "Devi iko tayari", "Naidhinisha", "Naanza". Na wekeni safu ya Kwa nani, yenye jina moja. Majina mawili maana yake kila mmoja anamngoja mwenzake.

Bot ya taarifa (kazi ambayo app inaifanya yenyewe) iende kwa mwenye jina hilo Hali inapobadilika, kwa sharti hili:

[_THISROW_BEFORE].[Hali] <> [_THISROW_AFTER].[Hali]

Bila sharti, hata kusahihisha jina la mteja kunapiga kengele, na ndani ya wiki watu wataizima. Jueni pia kwamba app ikiwa bado ya majaribio, barua pepe zote zinakwenda kwa aliyeitengeneza tu. Siyo kosa la bot.

Kwa mteja, kitufe chenye kiungo cha https://wa.me/243 kikifuatwa na namba yake bila sifuri ya mbele kinafungua WhatsApp moja kwa moja.

Hatua ya 4: Fungeni kadi ya bati kwenye mota yenyewe, kwa waya, na namba ileile ya kwenye simu. Karatasi ya gundi haivumilii mafuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kampemba: Yaya, kwetu kuranti (umeme) inakatika na rezo (mtandao) inapotea nayo. App si itakufa?

Jibu: Hapana. Washeni matumizi bila intaneti na kusubiri kusawazisha. Vitufe vinabonyezwa, mabadiliko yanangoja ndani ya simu mpaka rezo irudi. Hatari ni mbili. Saa inayoandikwa ni ya simu, kwa hiyo kila simu iwekwe saa ya kujirekebisha yenyewe. Na watu wawili wakibadilisha mota moja bila rezo, anayesawazisha mwisho anafunika wa kwanza. Lile jina moja kwenye Kwa nani linapunguza jambo hilo sana.

Mwanachama wa Ruashi: Mimi nina depo, vitu vyangu vinapita Kasumbalesa. Kungoja kwa mpakani nihesabu vipi?

Jibu: Mama, gawa hali mbili: "Imeagizwa" na "Iko mpakani". Ya kwanza unaweza kuifupisha kwa kuagiza mapema; ya pili unahitaji kuijua tu ili usimwahidi mteja siku ya uongo. Hesabu kwa siku za kazi: =NETWORKDAYS.INTL(F2;G2;11). Ile 11 inaondoa Jumapili peke yake, maana Jumamosi mnafanya kazi. Inahesabu siku ya kwanza na ya mwisho zote mbili, kwa hiyo toa 1.

Mwanachama wa Katuba: Mafundi wangu wanabonyeza kila kitu jioni kwa mpigo. Saa zote ni 10:45.

Jibu: Angalia simu iko wapi. Ikiwa iko mfukoni mwa mkuu, fundi mwenye grisi mikononi hatamfuata kila mara. Iweke mezani karibu na sehemu ya majaribio. Pili, usitundike ukutani muda wa kila fundi kwa jina. Akiona ni fimbo, ataijaza namna inayomlinda. Tundika ngojo ya kila hatua. Vitufe vikizidi vinne kwa mtu mmoja, punguza.

Mwanachama wa Kamalondo: Tunalipwa dola na franka, kwa mkono na kwa simu. Jumla zetu hazikubaliani.

Jibu: Safu nne: kiasi, sarafu, kiwango cha siku hiyo, njia ya malipo. Kiwango kiandikwe ndani ya mstari. Wengi wanakiweka kwenye seli moja pembeni. Wakikibadilisha leo, malipo ya mwezi uliopita nayo yanabadilika.

Mwanachama wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi): Baba, ni lini tuache AppSheet tuchukue Odoo au ERPNext, zile programu za kuendesha biashara nzima?

Jibu: Pale stoki, ununuzi na uhasibu vinapohitaji kusomana. Kongo iko ndani ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara) tangu 2012, na Odoo ina mpango wa akaunti wa SYSCOHADA, yaani mfumo wa uhasibu wa OHADA, kwa hiyo mhasibu hataanza upya. Lakini nenda na orodha yako ya hali na sheria ya idhini ikiwa imeshafanya kazi miezi miwili au mitatu, na uhamishe mota zilizo wazi tu. Zilizolipwa zibaki kwenye Sheets, za kusoma.